Nyangumi wa Mfanyabiashara wa Vigae

Ukurasa wenye picha ya nyangumi ulikuwa umekatwa kwa wembe. Kitabu chenyewe kilitoka enzi za kwanza za uchapaji, picha zilipokuwa zikichongwa kwenye ubao, zikapakwa wino na kugandamizwa karatasini. Sasa kilikuwa na pengo kama mdomo wa kibogoyo.

Ufunguo wa chumba cha vitabu adimu alikuwa nao mtu mmoja tu, mkutubi, mama mtu mzima. Mkurugenzi wa maktaba alishaamua kwamba mwizi ni yeye.

"Nani mwingine aliingia humu?" Inspekta aliuliza.

"Kaka yangu tu. Anapenda sana picha hizi. Lakini huyo usimguse, afande. Ndiye aliyenisomesha."

"Ulimwacha peke yake?"

Mkutubi aliinamisha kichwa. "Nilikwenda kumchemshia chai."

Inspekta alilichunguza pengo kwa kioo cha kukuzia, akakitia kitabu kwenye mfuko wa vielelezo, akamwita konstebo wake.

Kaka mtu alikuwa mfanyabiashara wa vigae. Sebuleni kwake picha za kale zilijaa ukuta mzima, kila moja ndani ya fremu ya dhahabu. Kitabu hakikuwepo hata kimoja. Inspekta aliwajua watu wa namna hii. Wangemchinja ng'ombe mzima wapate mkia wa kupungia inzi.

"Karibu! Unapenda sanaa, Inspekta?"

"Napenda vitabu vyenye kurasa zake. Nyangumi huyu umempata wapi?"

"Nilimnunua safarini, zamani sana."

"Ana matundu mawili jichoni. Mbona hukuyaziba?"

Tajiri alicheka kwa madaha. "Ndugu yangu, hayo ni matundu ya mdudu! Mshamba ndiye anayeziba. Sisi wakusanyaji hatuyagusi. Wenzangu kwenye chama chetu huyatazama hayo kwanza, ndipo waamini karatasi ni ya kale."

"Ahsante kwa somo. Mteremshe."

Inspekta aliutoa ukurasa kwenye fremu, akakitoa kitabu kwenye mfuko wa vielelezo, akaurudisha kwenye pengo lake. Kisha akang'oa unywele mmoja wa brashi iliyokuwa mezani, akaupitisha taratibu kwenye tundu. Uliingia tundu la ukurasa uliotangulia, ukapenya jicho la nyangumi, ukatokeza kwenye tundu la ukurasa uliofuata. Tundu la pili, vivyo hivyo.

"Huko safarini ulimnunua na mdudu wa maktaba ya dada yako?"

Tajiri alikaa kitini kama gunia.

"Tunaweza kuyamaliza hapa hapa, afande."

"Hatuwezi. Pesa unazo. Uliiba ya nini?"

"Hiyo haiuzwi popote. Wenzangu wakija hapa walikuwa wanapita tu, wanaulizia vinywaji. Nilikata ili wasimame mbele ya ukuta wangu."

"Na dada yako? Jioni hii alikuwa anaingia mahabusu."

"Yeye wangemhurumia. Mama mtu mzima, hajawahi kushtakiwa... Na ningemwekea wakili mzuri."

Inspekta alishakamata wauaji akawaonea huruma. Huyu hakumwonea.

"Mfunge pingu," alimwambia konstebo. "Tutakwenda kwa miguu, barabara kuu. Bwana huyu anapenda kutazamwa."

Ukurasa ulibandikwa tena, ukaacha kovu lisilofutika. Mfanyabiashara alifungwa miaka miwili. Mkutubi hakushtakiwa, ila alifukuzwa kazi kwa kumwacha mgeni peke yake na kitabu. Gerezani hakwenda kumwona kaka yake hata mara moja.

Kitabu kimoja kizima, kazi moja ya halali, na ndugu wawili wa tumbo moja: vyote kwa mkia wa kupungia inzi.