Kwinini ya Baba Mkwe

"Mwambie baba yako atafute mkwe mwingine," Kefa aliniambia, akaendelea kupura mtama kana kwamba ametaja habari za mvua.

Zilibaki wiki sita tufunge ndoa kanisani Kinyangiri. Nikaketi juu ya gunia.

"Umepata mwingine?"

"Nimpate wapi? Naumwa, Elina."

"Si homa? Baba amekupa dawa."

"Mara saba. Kwinini tu. Masikio yanavuma, na ninachoumwa kipo palepale."

"Unaumwa nini?"

Fimbo ikasimama.

"Sina homa. Sijawahi kuwa nayo."

Ndipo akanieleza. Tangu arudi na keya, jeshi la Waingereza, kutoka vita vya Burma, mwaka wa pili sasa, halali. Mlango ukigongwa, jasho linamtoka na moyo unakwenda mbio. Kuna asubuhi anashindwa hata kufunga kamba za viatu. Analia bila kufiwa.

"Kwa nini hukumwambia baba?"

"Dresa, mtoa dawa wa zahanati, ni yeye peke yake, naye ni mkwe wangu. Nimpe shikamoo halafu nimlilie? Akiniuliza 'homa?' naitikia 'homa.'"

Kwetu mtu na baba mkwe hawatazamani machoni, sembuse kuliliana. Nikamwomba Mungu anipe maneno, nikaenda zahanati.

"Baba, Kefa hana homa."

Baba, Mzee Antipasi, akaweka chupa chini.

"Nimemnywesha kwinini miezi mitatu."

"Umemnywesha bure."

"Na yeye akawa anameza?"

"Kwa heshima yako."

Nikamweleza yote. Akasema:

"Nimewaona wengine wa keya. Lazima aulizwe vizuri ndipo nimwandikie daktari wa misheni. Na mimi siwezi kumuuliza."

"Nitauliza mimi. Wewe kaa ndani, yeye akae nje chini ya dirisha."

Kesho yake nikasimama mlangoni, nikipeleka maneno na kurudisha.

"Kefa, chakula kinapita?"

"Mwambie kidogo."

"Kidogo, baba."

"Muulize kama amewahi kutaka kujiua."

Hilo halikunitoka mdomoni. Lakini dirisha halikuwa na kioo.

"Mara mbili, baba," Kefa akajibu mwenyewe kutoka nje. "Zote mbili nilimkumbuka Elina."

Baba akageuza kiti, akaelekeza mgongo dirishani.

"Tangu lini, mwanangu?"

Wakazungumza hivyo, kila mmoja akitazama upande wake, mpaka wagonjwa kwenye foleni wakachoka.

"Hiyo ni dawa au posa?" akauliza mama Mboni, mwenye jipu.

"Vyote viwili," baba akamjibu. "Subiri."

Barua aliyoandika niliibeba mimi:

"Daktari, huyu si mvivu wala hana pepo. Vita vimemuumiza moyo. Nilimtibu vibaya kwa sababu sikumuuliza. Antipasi, dresa."

Kefa alikaa hospitali wiki nane. Alipewa dawa ya usingizi, akapewa bustani ya mboga ailime, na kila siku daktari alimwacha aseme. Wiki ya tano nikapata karatasi yake:

"Nimelala mpaka jogoo. Ndoa isogezwe, isifutwe."

Siku ya ndoa, mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Baba akasimama. Kanisa zima likamgeukia, mkono wa Kefa ukaloa ndani ya wangu.

"Sina pingamizi," baba akasema. "Ila ugonjwa ule unaweza kumrudia. Ukirudi, mliomo humu mumuulize, msimsengenye. Na asipewe kwinini."

Watu wakacheka. Kefa akageuka, akamtazama baba usoni mbele ya wote.

"Nimesikia, baba."

Ulimrudia Kefa, mara tatu katika miaka yetu thelathini na mmoja, Mungu amlaze pema. Mara zote tatu nilimkuta ameketi kizingitini, akijifunga kamba za viatu polepole.

"Unakwenda wapi, baba Naftali?"

"Hospitali, mama. Nifungie mihogo ya njiani."