Abiria wa Pikipiki ya Theluji

Owino fundi aliweka kiganja juu ya injini, kisha akakiondoa haraka.

"Baba Firdaus, hii kitu imetoka kupanda kilima saa hii na bado ni baridi. Injini gani hii haishiki joto?"

"Ndiyo uzuri wake," Abdikarim alijibu. Mtu huyu akishanunua kitu, hata kikimuuma atasema kinamkuna.

Alikuwa ameikuta Mombasa, ndani ya kontena la mashine kuukuu kutoka ng'ambo. Ilikuwa pikipiki ya theluji, isiyo na gurudumu hata moja. Mbele ilikuwa na miguu miwili ya kuteleza, na nyuma mkanda mpana wa mpira wenye meno. Mji mzima wa Keroka ulimcheka, theluji ataitoa wapi? Lakini yeye alikuwa akifikiria matope. Mvua zikianza, bodaboda hukwama kwenye miteremko ya kuelekea Kebirigo na majani chai yakaharibikia magunini. Mkanda ule ungepita popote, na kweli ulipita.

Kosa alilifanya siku ya kwanza. Ukungu ulikuwa mzito, na Mose, mchumaji chai, alikuwa akifunga magunia nyuma yake. Abdikarim alihisi kiti cha nyuma kinalemewa, akasema kama wasemavyo wote wanaobeba watu: "Shika vizuri." Mikono ikamzunguka kiunoni. Alifika kituo cha kupimia chai, akageuka, asione mtu. Kiti kilikuwa kimelowa. Baadaye Mose alitokea kwa miguu, amechoka na amekasirika.

"Mbona umeniacha?"

Abdikarim alicheka, akakifuta kiti haraka. Nyumbani hakusema neno. Hapo ndipo ninapomlaumu, kwa sababu aliendelea kumpeleka shuleni kwa pikipiki hiyo hiyo Firdaus, mtoto wake wa pekee.

"Baba," Firdaus alimwambia asubuhi moja, "huyu wa nyuma yangu ana mikono baridi."

Kikohozi kikaanza. Jioni Kinsi alikuwa akimwogesha mtoto, akamwita mumewe kwa sauti ya chini.

"Baba Firdaus, njoo uone. Polepole, usimshtue."

Mgongoni mwa Firdaus palikuwa na alama ya kiganja, kirefu kuliko cha mtu, chenye unyevu usiokauka kwa taulo. Chumba kilinuka chuma na maji yaliyolala. Usiku huo Abdikarim alimpigia simu Ustadh Hafiz wa msikitini, akamweleza yote tangu siku ya kwanza.

Ustadh alikuja kesho yake baada ya alasiri. Alisoma Kurani, akaizunguka mashine, akamvuta Abdikarim kando.

"Ulimwambia ashike. Umewahi kumwambia ashuke?"

"Hapana, Ustadh."

"Basi bado yuko safarini. Mpeleke kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, mbali na watu, umwambie mmefika. Pale utakapomshusha ndipo atakapokaa. Ukiachia neno hilo njiani, mtoto wako hatapona."

Abdikarim alikuwa ndiyo kwanza amewasha mashine uani wakati mvua ya mawe ilipoanza. Huku kwetu mawe huanguka mpaka majani chai yachanike, lakini yale yalianguka mpaka ua ukawa mweupe wote, na mashine ikanguruma kwa furaha ambayo hakuwahi kuisikia, kana kwamba imefika kwao, na kiti cha nyuma kikalemewa, na mikono ikamzunguka, si kiunoni sasa bali kifuani, ikabana, akasogea hadi langoni na hapo injini ikazima yenyewe, naye akazungusha ufunguo, akazungusha tena, huku mikono ikibana na pumzi baridi ikimpita sikioni, mbavu zikilia, macho yakiingia giza, mpaka akajikuta ametamka kwa sauti isiyo yake:

"Tumefika. Shuka."

Mikono ikaachia.

Alilala juu ya usukani akihema. Injini chini yake ilikuwa ya moto, mara ya kwanza tangu ainunue, na mawe yaliyoiangukia yalikuwa yakiyeyuka. Alitaka kumshukuru Mungu. Kisha akainua kichwa, akaona lango lake mwenyewe.

"Baba Firdaus!" Kinsi aliita kutoka jikoni. "Mgeni wako amebisha hodi, nikamwambia karibu, niko na sufuria motoni. Firdaus yuko naye sebuleni."

Abdikarim alikimbia akiteleza juu ya mawe. Kitasa cha mlango kilikuwa baridi kiasi kwamba ngozi ya kiganja chake ilinata. Alivuta, mlango haukufunguka. Ndani, mtoto hakuwa akikohoa tena.

"Mama," Firdaus alisema taratibu, "ananiambia nishike vizuri."