Vita Vilivyohamia Moyoni

Tairi la lori lilipasuka karibu na stendi ya Omurushaka. Kabla watu hawajageuka, Niyigena alikuwa kifudifudi chini ya meza ya muuza vitenge, gauni lake la njano limelowa tope.

Watu waliangua kicheko. Egbert, mnunuzi wa kahawa, hakucheka. Aliinama, akampa mkono.

"Dada, ni tairi tu."

"Najua," alijibu akijipangusa tope. "Mwili ndio haujui."

Mapenzi yakaanzia hapo. Kwenye simu Egbert alimwita "malkia wa matope", naye akamwita "bwana magunia", wakataniana mpaka salio likakata. Lakini Egbert alipogusia ndoa tu, Niyigena aliaga haraka.

Alikulia vitani, Burundi, akilala porini na njaa. Sasa alikuwa na miaka thelathini na saba, na daktari alimwambia presha yake ni ya bibi kizee. Kubeba mimba kungehatarisha uhai wake. Dawa alizificha mkobani.

Siku moja mgahawani Egbert aliziona.

"Za nini hizi?"

"Za kichwa."

"Kichwa gani cha kila siku? Ugonjwa gani unanificha, Niyi?"

Niyigena aliinuka, akaacha ndizi zikipoa. Hakupokea simu tena.

Mwishowe Egbert alimfuata kijijini Nyabiyonza, kwa Benadeta, shangazi wa Niyigena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuko nyuma, anaanika kahawa."

Niyigena alimwona, akaacha kazi. Alimweleza yote bila kumtazama.

"Lakini vita viliisha, mpenzi."

"Kule viliisha. Kwangu vimehamia moyoni. Utanizika mapema, Egbert, na mtoto sitakupa."

Uso ulimwanguka Egbert, Niyigena akauona ukianguka.

"Nilitaka watoto," alisema hatimaye. "Sitakudanganya."

Neno hilo lilimchoma Niyigena. Hata hivyo, wengine wote walikuwa wakimfariji kwa uongo; huyu alimwambia kweli.

"Ila nimejaribu kukaa bila sauti yako, nimeshindwa. Nataka nikuoe, kwa siku zozote tutakazojaliwa."

Niyigena aliushika mkono wake, akauweka kifuani. Moyo ulidunda kama wa mtu anayekimbizwa.

"Unausikia? Hautatulia huu."

"Nausikia. Siuondoi mkono."

"Basi nioe," alisema, machozi yakimtiririka, huku macho yake yakiendelea kuilinda njia iliyopita migombani, kama enzi za vita.