Mkojo wa Lupe

Jina langu ni Sieni. Kijiji kizima kinajua kwangu hakuna uchafu. Mjukuu wangu Lupe, wa mwaka mmoja na nusu, hatoki nje bila kuogeshwa na kupakwa mafuta ya nazi.

Siku moja Lupe alichemka homa. Hakuwa na kikohozi wala mafua. Mkojo wake ulinuka vibaya, na alilia kila akikojoa. Tulikuwa tunamenya magimbi, mara akakakamaa, macho yakageuka, mwili ukatetemeka. Degedege!

Lilipokwisha, mkamwana wangu Tilomai alitaka kukimbia naye zahanati.

"Na nepi hiyo inayonuka?" nikamwambia. "Unataka watu wa kanisani watucheke? Kwanza tumwoshe. Na habari za mkojo usizitaje, ni aibu."

"Sawa, mama."

Daktari alimkuta Lupe safi, ananukia. Akauliza kama kuna dalili nyingine.

"Hakuna," nikajibu mimi.

Tukapewa dawa ya kushusha homa, tukarudi.

Wiki tatu baadaye homa ilirudi. Safari hii Tilomai hakuningoja. Alimbeba mtoto hivyo hivyo, nikamfuata nyuma. Degedege lilimkuta mlangoni mwa zahanati. Nesi Makerita alimlaza ubavu, hakumtia chochote mdomoni. Lilipopita, akaifungua nepi.

"Mkojo unanuka hivi tangu lini?"

Tilomai akanitazama.

"Tangu mara ya kwanza," nikasema, kichwa chini.

"Bibi Sieni! Mbona hamkusema? Degedege limeletwa na homa, na homa ina chanzo chake. Msipotuambia, tutakitafuta wapi?"

Mkojo ulikingwa kwenye chombo safi, ukapimwa. Ulikuwa na vijidudu. Lupe akalazwa, akachomwa sindano, kisha tukapewa dawa za nyumbani. Hata alipochangamka, Tilomai aliendelea kumpa mpaka zikaisha. Lakini baadaye picha ya tumbo ilionyesha figo moja ina kovu. Kovu hilo halitoki. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Mwaka jana Lupe alipata homa tena. Nilimbeba bila kumwosha, nikasema mbele ya foleni nzima, "Mjukuu wangu mkojo unanuka! Mpimeni!" Mke wa mchungaji alikuwepo. Na asikie. Dawa ilianza siku ileile, degedege halikuja, na figo ile nyingine ni nzima.

Tilomai hajanilaumu hata siku moja. Heri angenilaumu.