Mkate Usio na Sukari

Kazi yangu ni kusaga nafaka kwa mashine. Msimamizi anatupa dakika kumi za kula. Yeye anakula saa nzima, na nani atamuuliza? Basi nimezoea: tonge, maji, tonge, maji. Tumbo litasaga lenyewe.

Nyumbani nikamfundisha binti yangu hivyo hivyo. "Sukumia na maji, mama. Shule haikungoji."

Ana miaka minane. Kuna mwezi ikawa kila akimaliza kula analia tumbo. Mwisho akakataa chakula. Nikaogopa. Marehemu mama yake alianza hivyo hivyo, na wakubwa wa zahanati wakamwambia arudi Jumatatu. Jumatatu tulikuwa makaburini.

Jirani yetu ni nesi, rafiki wa marehemu. Alimbonyeza mtoto tumbo, akauliza anakulaje. Nikamweleza.

"Kesho tumpeleke akapimwe," alisema. "Nitakuwepo mwenyewe. Sasa wewe shemeji, shika mkate huu. Tafuna, usimeze."

Nikatafuna kama mbuzi.

"Unaonaje?"

"Mtamu. Umetia sukari?"

"Sikutia."

"Basi ametia mwokaji."

"Hakutia mtu. Ni mate yako. Mashavuni na chini ya ulimi kuna tezi. Zinatoa mate, na mate yanaanza kugeuza wanga kuwa sukari. Tumbo nalo lina tezi zake, zinatoa maji makali. Chakula kikishuka kwenye utumbo, kongosho linaleta maji yake, na ini linaleta nyongo ya kuvunjavunja mafuta."

"Nyongo hii chungu, tunayoitupa tukichinja?"

"Hiyo hiyo."

Uchungu unasaidia kula? "Mimi nilidhani mle ndani mna mawe, kama ya mashine."

"Na mashine yako ukiishindilia magunzi mazima?"

"Itakwama."

"Haya. Mwache mtoto atafune."

Alipimwa, hawakuona ugonjwa. Tukaanza kuamka mapema. Anatafuna polepole, maji anakunywa kidogo kidogo. Kongosho limejificha wapi, hadi leo sijui. Na kwa nini wenye vyeo hawakutuambia haya tangu zamani, hilo ndilo silielewi kabisa.

Wiki ya tatu, asubuhi, alisogeza sahani kwangu. Nikajua amekataa tena.

"Baba, mbona unaniangalia tu? Niongezee."

Nikatazama sahani. Ilikuwa tupu.