Namba Zilizotupwa

"Pazia limeanguka. Mzuie fundi."

Amri ya Mkuu wa usalama ilikuwa maneno manne tu. Kobe aliifuta kwenye Thuraya, simu yake ya setilaiti. Siku nzima alikuwa amejifanya mpiga picha ndani ya ndege ya kupima vimbunga. Sasa alichomoa bastola ya Glock, akaigandamiza kwenye kisogo cha fundi wa vipimo.

Ndege ilikuwa katikati ya kimbunga, ikirushwa huku na huku kama kopo tupu.

"Mikono juu."

Fundi alicheka. "Nipige tu, bwana. Risasi itabadilisha namba?"

Kobe alitazama skrini. Upepo: kilomita tisini kwa saa.

Uongo mtupu.

Programu ya kuchuja vipimo ilikuwa na kikomo cha mia tatu. Fundi alikishusha hadi mia. Kila namba iliyozidi hapo ilihesabiwa kuwa hitilafu, ikatupwa. Ofisi ya hali ya hewa ilipokea tisini, ikaacha bandari wazi. Meli ya magendo ya silaha ilikuwa inamalizia kupakia.

Na hospitali ya kando ya bandari haikuhamishwa. Humo alikuwa dada yake Kobe, muuguzi, na wagonjwa thelathini na mmoja.

"Rudisha kama ilivyokuwa."

"Nywila wanayo wenye meli, walionituma. Mimi siijui."

Kobe alimfunga pingu kwenye kiti, akashika redio.

"Ofisi, tisini ni uongo. Rubani anakadiria zaidi ya mia mbili."

"Nani mwenzangu?" Sauti ya mama wa zamu, kavu.

"Usalama."

"Baba, usalama haupimi upepo. Namba ya mdomo siipokei mpaka vipimo viwili vya kudondosha vikubaliane."

Vilibaki viwili, mirija yenye vihisi vya upepo. Kobe alikitumbukiza cha kwanza kwenye bomba la sakafuni. Kikashuka na parachuti yake, kikituma namba kwenye kipokezi cha rubani, mbali na programu ya fundi.

Dakika nne.

Hakuna wa kumpiga. Hakuna wa kumfukuza. Kobe alikaa, mikono mapajani.

"Mia mbili na kumi na mbili," rubani alisoma redioni.

Cha pili.

Dakika nne nyingine. Saa yake ya Casio ilitembea kama mgonjwa.

"Mia mbili na tisa."

"Zimepokelewa." Sauti ya mama ilikuwa imebadilika. "Nafunga bandari. Hospitali wahame."

Meli ilinaswa ikiwa bado na kamba zake gatini.

Kobe alimpigia dada yake.

"Kaka! Basi limefika darajani likageuza. Maji yameshapita juu."

"Pandeni ghorofani."

"Tuko ya tatu. Ndiyo ya mwisho, au kwenye siri zenu mna ya nne?" Alicheka kidogo. "Upepo ni ngapi kweli? Redio ilisema tisini."

Kobe alitazama skrini ya fundi: bado tisini.

"Kaka?"

"Mia mbili na tisa."

"Haya." Kisha akawapigia wenzake kelele: "Vitanda mbali na madirisha!"

Simu ikakatika.

Ndege ilitua uwanja wa mbali, jua likiwaka. Polisi walimshusha fundi. Mkuu alisema, "Kazi safi."

Kobe alikunja mikono ya shati, akaondoka taratibu juu ya lami bila kugeuka, Thuraya sikioni, akimpigia dada tena.

Inaita.

Inaita tu.