Distribyuta ya Marehemu

Ndugu zangu mnaolea na mnaolelewa, sogeeni niwasimulie yaliyomkuta Mkunga, yule mama wa gari la kijani.

Zamani asubuhi za nyumbani kwake zilikuwa tulivu. Mumewe, fundi magari, alifungua boneti ya gari lao la porini, kongwe hata wakati ule, akaifuta kwa kitambaa distribyuta, kile kichwa kinachozigawia plagi moto. Ndani yake mna visahani viwili vya kugusana, mafundi huviita platini, na mwanya wake aliupima kwa kipande cha karatasi ya kiberiti. Binti yao, aliyeitwa Spana tangu hajang'oa jino, alimshikia tochi. Mkunga alisimama mlangoni na chai yake, akisubiri injini iitike. Ikiitika, mume alimwambia, "Haya mama, kazalishe." Maneno yale yale kila siku, wala hakuyachoka.

Kifo hakipigi hodi. Mume alipoondoka, Spana alirithi gereji, Mkunga akabaki na gari. Akakataza mtu yeyote asiifungue distribyuta. Mikono ya mwisho kuigusa ilikuwa ya marehemu, na alitaka ibaki hivyo.

Lakini platini hazijui msiba. Huungua, zikashika unyevu. Gari likaanza kukohoa, na asubuhi za mvua likawa linagoma kabisa.

Siku moja Spana alikuja na boksi. "Mama, nimekuletea distribyuta ya kielektroniki. Haina platini wala haiogopi mvua. Nusu saa tu nimeifunga."

"Na hii ya baba yako uitupe?"

"Nitakuwekea kabatini."

"Ufundi umeujua jana, leo unamsahihisha baba yako?"

"Simsahihishi, mama. Mbona yeye mwenyewe alizibadilisha platini kila zilipoisha?"

"Toka na boksi lako. Kaburi halijakauka, umeshaanza kumfuta."

Spana aliondoka hata maji hakunywa. Kwa miezi saba walijuliana hali kwa simu, salamu mbili tatu, basi. Nawauliza nyinyi, hapo nani alikuwa akimvunjia marehemu heshima?

Mchana mmoja wa manyunyu Mkunga aliitwa kwa mwokaji mikate, mkewe ameshikwa na uchungu. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, sauti kama filimbi, lakini damu ya mama haikukatika. Hospitali ikasema gari la wagonjwa limeshatoka na mgonjwa mwingine. Wakamlaza mama kiti cha nyuma cha gari la kijani, wakaondoka. Nusu ya njia, katikati ya mashamba, gari likakohoa mara mbili, likanyamaza. Mkunga alipiga stata mpaka betri ikaanza kulegea.

"Mama Mkunga, anafumba macho," mwokaji alisema, mtoto kifuani mwake.

"Mwongeleshe, asilale."

Mkunga akapiga simu. "Mwanangu, gari limenizimikia njiani na mgonjwa," alisema.

"Uko wapi, mama?" Spana aliuliza, na hakuuliza jingine.

Alifika kwa pikipiki, boksi ndani ya koti. Alimkuta mama yake amepiga magoti ndani ya gari, penye kiti cha nyuma, akimkanda mgonjwa tumbo ili damu ipungue. Spana akafungua distribyuta, akatazama. Platini zilikuwa nyeusi kama mkaa.

"Nikizisugua, huenda tukafika, huenda tusifike. Nikifunga hii mpya tutafika," alisema. Kisha akasubiri. Hata saa ile, jamani, alisubiri ruhusa ya mama yake.

Mkunga hakuinua mikono kutoka kwa mgonjwa. "Ing'oe," alisema.

Spana akatia alama ya chaki pale ulimi unaozunguka ndani ya distribyuta ulikoelekea, akaing'oa ya zamani, akaiingiza mpya na kukaza nati. Akaunganisha nyaya mbili kwenye koili inayozalisha moto wa plagi, kisha nyaya za plagi, akihesabu kwa sauti mpangilio aliofundishwa na baba yake: "Moja, tatu, nne, mbili." Stata ilizunguka kivivu, ikasita, injini ikawaka.

Mke wa mwokaji alipona. Daktari alisema wangekawia kidogo tu, angekuwa anasema mengine.

Kwenye benchi la hospitali Mkunga alimshika binti yake mkono, wenye grisi hivyo hivyo. "Nimekukosea, mwanangu. Nilikufukuza wewe uliye hai, na leo nusura niue mke wa mtu."

"Yameisha, mama," Spana alisema. "Twende nyumbani. Moto wa plagi bado sijaurekebisha vizuri, na mimi tangu asubuhi sijala."

FUNZO

Tuwakumbuke wapendwa wetu, lakini tusizifanye kumbukumbu zao kuwa ukuta kati yetu na watoto wetu. Mzazi aliyemfundisha mwanawe kazi ameacha urithi wake kwa mwanawe, hakuuacha kwenye chuma. Mwana akija na ushauri wa kazi anayoijua, tumsikilize kabla mtu mwingine hajalipia ukaidi wetu.